Nilivyompeleka Nyenje Wangu Kibiti

Niliondoka Temeke kwa sababu ya nyenje. Si nyenje wa porini, huyu ni wa sikio la kushoto. Aliingia miaka ile nilipokuwa natengeneza spika za bendi ya dansi, kazi ya kuinama mbele ya spika na kumwambia mtu, haya, ongeza. Waliongeza. Siku moja spika ikazimwa, mlio ukabaki. Tangu hapo unalia kutwa kucha, na dunia ikinyamaza ndiyo kwanza unapanda.

Mimi ni fundi redio. Miaka hiyo soko huria lilikuwa limefungua milango, redio za Dubai zimejaa mjini na za mitumba zinauzwa chini kwenye turubai, kazi ilikuwepo. Lakini sikio langu likaanza kuniumbua. Mteja analeta redio nzima, anataka nimbadilishie waya tu, mimi nasikia inavuma. Naifungua, nahangaika nayo siku mbili, kumbe kinachovuma ni mimi. Mke wangu Tatu akaniambia nifunge kibanda twende tukauze vitenge. Kuuza vitenge si dhambi, lakini mimi na vitenge wapi na wapi.

Ndipo nikakutana na Daktari Pauli, Mzungu mmoja mrefu, mpole, aliyesomea Kiswahili kwao na kukionea fahari. Alinieleza kwamba mlio kama wangu hautoki sikioni, ubongo wenyewe ndio unaoutengeneza. Yeye alikuwa na kifaa cha kupitisha umeme kidogo sana kichwani, kupitia ngozi, na umeme huo pengine ungeutuliza ubongo.

"Pengine," alirudia. "Bado tunajaribu. Siahidi kitu."

Kituo cha afya huko Kibiti kilikuwa kimempa chumba, naye alitaka fundi wa kuangalia betri na jenereta. Tukapatana hivi: kundi la kwanza ni wagonjwa wa Kibiti wenye mlio kama wangu. Wakipata nafuu, wafadhili wake wataruhusu kundi la pili, na humo mimi nimo. Nilikubali hata hajamaliza kusema.

Asubuhi ya safari tulishika barabara ya Kilwa na gari la daktari, betri nimezipakata. Mkuranga tuliipita salama. Mbele yake masika yalikuwa yameiacha barabara mashimo na mchanga, tukazama, tukasukumwa na watu waliokuwa wanakwenda shamba, tukazama tena. Daktari alishuka kila mara kuwasalimu wasukumaji mmoja mmoja. Habari? Nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Mmoja wao alikuwa na bandeji guu zima, naye akasema nzuri.

Bungu tulisimama kununua machungwa na korosho. Daktari akamwuliza muuzaji habari za biashara, mama wa watu akajibu nzuri, na meza yake imejaa machungwa ambayo hayajanunuliwa tangu asubuhi.

"Watu wa huku hawanung'uniki," daktari aliniambia tukiondoka.

"Ndivyo tulivyo," nikamjibu, na mimi nikaona nimesifiwa.

Kibiti tulifika jua limeanza kupoa, nyuso nyekundu kwa vumbi. Kesho yake kazi ikaanza. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo, ungekiona ungecheka: kijisanduku cha betri, nyaya mbili, na sponji mbili zinazoloweshwa maji ya chumvi na kufungwa kichwani kwa mkanda. Mimi napima umeme kwanza, kisha natoka nje kwenye jenereta, nyuma ya ukuta, ili mgonjwa azungumze na daktari bila watu wa kumsikiliza. Jenereta ile ilikuwa na kelele mpaka hata nyenje wangu akazidiwa, nikaipenda.

Walikuja mwendesha mashine ya kukoboa mpunga, mwalimu mmoja kutoka bara, na wakulima, akiwamo Bi Mwanahawa wa Dimani, mama wa makamo mwenye kucheka kwa sauti kubwa. Kila jioni namwuliza daktari, vipi leo? Ananiambia, nzuri, fundi, wote wanasema nzuri. Jamani, nilifurahi. Nikaanza kuwaza kibanda changu kimya, redio inavuma naijua ni redio. Nikampa kondakta wa basi salamu ampelekee Tatu, kwamba vitenge atauza peke yake.

Wiki iliyofuata Bi Mwanahawa hakutokea. Siku ya pili vilevile. Daktari akaniomba nimfuate, nami nikaambiwa kwao Dimani kwamba amekwenda delta, kule mto unakomwagikia baharini, kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga wake. Nikapata lori la kwenda Nyamisati. Pale watu wa kisiwani Mafia wanangoja vyombo, na boriti za mikoko zimelazwa pwani harufu ya tope imejaa. Nilimpata Shamte, mdogo wake Bi Mwanahawa, akanipakia mtumbwini. Aliniuliza kama najua kuogelea, nikamwambia sijui, akasema basi kaa katikati. Tukapita vijito vya mikoko kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, kaa wekundu wanakimbia topeni, mpaka mbele yetu pakafunguka mpunga, na juu ya mpunga dungu, kile kibanda cha miti mirefu ambacho mlinzi hukaa juu.

"Hodi dunguni."

"Karibu fundi. Panda, kidato cha kati kimeoza, kiruke."

Nikakiruka. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Za Kibiti?"

"Nzuri. Na sikio lako je?"

"Nzuri," alisema, na moyo wangu ukatulia. Akanipakulia wali na kamba wa nazi. Akavuta kamba iliyotundikwa makopo shamba zima, ndege wakaruka, akakaa. Nimekwisha kunawa ndipo akasema, "Ila linalia."

"Linalia vipi, mama, na daktari kaandika umepata nafuu?"

"Kaandika yeye. Mimi nilimwambia nzuri. Nataka kuendelea kusema, kaniambia asante sana, kamwita mwenzangu."

"Ungeanza na hilo la kulia."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa avae viatu mkekani. "Nianze nalo? Mgeni katoka kwao na ndege, ananijulia hali, nimkabili na mabaya hata sijakaa vizuri? Wewe kwenu mnafanya hivyo?"

Kwetu hatufanyi. Nikamwuliza, "Na wenzako?"

"Wenzangu watu wa adabu."

Nikazikumbuka nzuri zote za daktari za kila jioni. Bi Mwanahawa aliendelea, sasa bila kucheka. Kila siku aliyokwenda kukaa na sponji kichwani ndege walikula. Angejua kifaa kinafaa, angewaachia wale. "Lakini simwoni wa kuniambia, kinafaa au hakifai. Daktari ananiuliza mimi, mimi namngoja yeye."

Akanilazimisha nijinyooshe kidogo kabla ya kurudi. Upepo ulikuwa unatikisa yale makopo taratibu, na kwenye mlio huo nyenje wangu alipotelea humo humo. Nililala fofofo mchana kweupe, mpaka Shamte akanivuta mguu kwamba maji yanatoka, mtumbwi utakwama.

Njiani kurudi nilikuwa na shughuli moja tu kichwani. Nikinyamaza, kundi la pili lipo na mimi nimo. Nikisema, huenda hakuna kundi. Mtumbwini niliamua ninyamaze. Lorini niliamua hivyo hivyo. Lakini kila nikijiona nimekaa kwenye kile kiti, mkanda kichwani, swali lilikuwa lile lile: nimevalishwa dawa au nimevalishwa adabu za watu? Na yule mama anamaliza mpunga wake kwa ndege kwa ajili ya neno nzuri. Nikakasirika, sijui namkasirikia nani.

Kibiti nilimkuta daktari anamenya chungwa. Nikamweleza yote. Kisu kikasimama.

"Hata bwana wa mashine ya kukoboa?"

"Naye ana adabu, daktari."

Alicheka mpaka akaweka chungwa chini. Kisha kicheko kikamwisha, na mimi nikamwonea huruma kweli. Akaniuliza watu wa huku huulizwaje. Nikamwambia, waulize hivyo hivyo, wakishajibu usiandike. Mimina chai.

Kesho yake tulitandika mkeka chumbani, nikaleta birika, safari hii na mimi nikakaa ndani. Daktari anauliza, mgonjwa anasema nzuri, daktari anamimina. Chai haijafika nusu, "ila" inatoka. Ila linalia. Ila usiku ni zaidi. Mwendesha mashine alisema ila kile kijiumeme kinawasha, na alikuwa anaona aibu kujikuna mbele ya mgeni. Wawili tu walisema mlio ulishuka kidogo kwa saa chache baada ya kuvaa sponji. Daktari aliandika yote, mabaya kwa mazuri, na habari ikaenda kwa wafadhili. Kundi la pili likafa hapo hapo.

Bi Mwanahawa alipelekewa majibu dunguni kupitia Shamte: mama, hakijafaa, baki na mpunga wako. Alirudisha shukrani na kikapu cha kamba wakavu. Na kwa kuwa kiti chake kilikuwa wazi, wakubwa wa daktari wakakubali nikikalie mimi kwa siku zilizobaki.

Basi nikavaa. Sponji ni za baridi, maji ya chumvi yanachuruzika shingoni, kisha ngozi inatekenywa kama ina sisimizi. Siku ya mwisho daktari aliniuliza, "Habari za sikio, fundi?"

"Nzuri," nikajibu. Wallahi lilinitoka lenyewe, mimi niliyewashitaki wenzangu.

Daktari Pauli hakugusa kalamu. Alimimina chai, akanisogezea kikombe, akatabasamu. "Ila?"

Ila nyenje yumo. Jioni moja alinyamaza kidogo, nikatembea Kibiti nzima nikisikiliza watu wakitwanga, kisha akarudi. Nilimwambia hivyo, naye akaniandika hivyo.

Nilirudi Temeke na mfuko wa korosho na makopo mawili aliyonipa Bi Mwanahawa. Tatu alinipokea mlangoni, akauliza habari za sikio, na mimi kwa mazoea ya mkekani nikasema linalia bado. Akanuna. "Hata mzigo hujautua, unaanza na mabaya?"

Makopo niliyatundika dirishani karibu na kitanda, na upepo ukiwepo nalala. Kibanda sikukifunga. Vitenge tumevitandaza mbele yake, na siku hizi mimi nafungua redio, Tatu ndiye anayesikiliza. Juzi nilimaliza moja ya mteja mkorofi, nikaiwasha. Mke wangu akaegesha sikio kwenye spika, akasikiliza, akasema, "Nzuri."

Bisibisi sikuiweka chini. Nikamimina chai.