Kitu cha Kwanza Ilichoinua Roboti Yetu

Leo roboti yetu imeinua kitu kutoka chini ya maji kwa mara ya kwanza.

Naandika kwa kompyuta ya parokia. Umeme ukikatika mtajua kwa nini nimeishia njiani.

Tulikuwa kwa lile shimo la kokoto karibu na Amagoro, lililojaa maji ya mvua. Sisi watano wa klabu ya sayansi, betri ya pikipiki, na roboti yetu ya mabomba ya plastiki na mota za waipa za gari.

Muhula mzima ilikuwa haijainua hata mkebe.

Akaja mzee Emojong. Kijana wake Ekisa, yule wa boda boda ya baiskeli, aliingia humo jana kuiosha na hakutoka. Waliopiga mbizi wameshindwa kufika chini.

"Hiyo mashine yenu inaweza kushika kitu?"

Tukamwambia tutajaribu, mzee.

Tukaishusha, ikarudi na matope. Tukaishusha tena. Mara kamba ikakaza. Wafula, mmoja wetu, akaita, "Imeshika!"

Na tukashangilia. Sisi wote. Tukagongana mikono.

Nawaambia ukweli, tulisahau tunatafuta nini.

Halafu shati la bluu likatokea juu ya maji.

Mimi nilikuwa bado nacheka.

Mzee hakulia. Alivua koti, akamfunika kijana wake, akatugeukia.

"Asanteni, watoto wangu. Imefanya kazi."

Mashindano ya klabu za sayansi ni Ijumaa. Kila timu huwa inaulizwa mashine yao imeshawahi kuinua nini.

Niambieni nyinyi, tutasema nini?