Vunja Jungu la Tunguu

Mke wangu alikuwa akisema kwamba nimestaafu kazi ya bandarini tu. Kazi ya barazani nimeajiriwa upya, tena haina likizo. Hakusema uongo. Tangu nianze kula pensheni nilikuwa na shughuli nyingi kuliko nilipokuwa msimamizi wa wapakuzi gatini. Nikitoka msikitini alfajiri napita Darajani kutazama samaki, narudi Kikwajuni kunywa chai, kisha natoka tena, kwani hapakosi mgonjwa wa kuangaliwa, au maziko, au mtu anayeoza binti yake na anataka wazee wa kukaa naye. Laasiri ikishaswaliwa ndipo inapoanza kazi yenyewe: dhumna.

Tulikuwa watano kwenye baraza moja ya Mji Mkongwe, sote tumeshaacha kazi. Dhumna yetu ilikuwa ya wawili kwa wawili, na mwenzangu wa siku zote alikuwa mzee mmoja aliyekuwa karani wa mahakama, Mwarabu kwa asili ya babu zake, mpole, wa maneno machache. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikifungwa nagonga ubao, nalaumu, nataka mchezo uanze upya. Yeye hunitazama mpaka nimalize, kisha hupanga vipande vyake taratibu kama anayepanga majalada. Wenzetu walizoea kusema kwamba bila ya yeye ningeshafukuzwa barazani zamani.

Baada ya Mapinduzi hakuonekana kwa karibu mwaka mzima. Ndugu zake wengi walipanda meli wakaondoka. Yeye alibaki na mkewe katika vyumba viwili vya ghorofani. Laasiri moja akatokea, kofia kichwani, bakora mkononi, akatusalimu kama aliyeondoka jana. Hakuna aliyemuuliza kitu. Tulimsogezea nafasi, akakaa. Mimi furaha ilinijaa hata sikujua niiweke wapi, nikaishia kumgombeza kwamba ametuchelewesha. Tangu siku hiyo ikawa kama tumepatana, bila ya mtu kutamka, kwamba barazani tutazungumza kila jambo isipokuwa ardhi.

Na mimi ardhi nilikuwa nayo. Nilikuwa nimepewa na serikali eka tatu huko Tunguu, katika mashamba yaliyotaifishwa, kama walivyopewa wengi. Baba yangu alikuja kisiwani kutoka Bara kuchuma karafuu za watu, akafa hana hata mnazi mmoja. Siku nilipooneshwa mipaka yangu nililia, wala sioni haya kusema. Nikapanda muhogo na migomba, nikawa nakwenda kila Jumapili. Shamba lilikuwa la nani kabla yangu, sikuuliza. Ningeweza kuuliza. Sikutaka kujua.

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Shaaban ikawa inakwisha, na sisi tukaanza kupanga vunja jungu letu. Siku chache kabla ya Ramadhani watu wa baraza moja, au wa kazi moja, hukusanyika wakapika, wakala mchana kweupe, kisha wakatakana radhi ili kila mtu auingie mfungo na moyo safi. Sisi tulizoea kula nyumbani kwa mmoja wetu. Mwaka ule sijui nini kilinipata.

"Safari hii twendeni shamba, kwangu," nikasema.

Neno lilikuwa limeshatoka, na namna ya kulirudisha ndani sikuwa nayo. Mwenzangu alikuwa akichanganya vipande vya dhumna, na hakuacha.

"Wapi huko?" akauliza.

"Tunguu."

"Tunguu kuzuri," akasema. "Nnakuja, inshallah."

Basi tukaenda. Mchele tuliuchanga kikombe kikombe, maana siku hizo ulikuwa wa foleni. Samaki nilinunua mimi Darajani, na nazi zilikuwa huko huko. Tulipoteremka garini nilitangulia mbele kama bwana harusi. Nikawaonesha muhogo, nikawaonesha migomba, nikawaonesha kisima. Mwenzangu alikuja nyuma sana, na nilidhani ni miguu inamsumbua.

Nilijivunia hata mafiga yangu. Mawe ya kisiwa chetu yakipata moto hupasuka yakarusha vipande, lakini mimi, nilipokuwa nikifyeka kichaka karibu na mdimu, niliokota mawe mawili meusi, mazito, laini kama yaliyopigwa msasa. Niliyajua mara moja. Yalikuwa mawe ya farumi, yale yanayotiwa chini ya vyombo ili visiyumbe baharini. Miaka thelathini niliyaona yakishushwa bandarini. Mtu mwenye akili angejiuliza jiwe la farumi limefuata nini Tunguu, mbali na bahari. Mimi niliyabeba mpaka jikoni, nikaongeza la tatu kutoka kisimani, nikatia kuni.

Chungu kilikuwa kimeshaanza kuchemka mwenzangu alipofika. Akasimama mbele ya moto, akautazama kwa muda.

"Mawe haya umeyapata wapi?"

Nikamwambia, tena kwa majigambo, nikamsifia ugumu wake. Akatikisa kichwa. Baadaye kidogo nikamwona anaingia kwenye migomba, hakuuliza njia, anakwenda moja kwa moja. Nikamfuata. Nilimkuta kwenye mdimu, amevua viatu.

"Ni hapa?" akauliza.

"Hapo hapo."

"Moja lilikuwa huku." Akaonesha kwa bakora. "Na la pili huku."

Nikatazama umbali uliokuwa baina ya pale na pale. Ulikuwa mfupi. Mtu mzima asingeenea.

Akanieleza polepole, kama anayenisomea waraka. Shamba lile, kabla ya kukatwa vipande, lilikuwa la mama yake. Mwanawe yeye, wa kwanza, aliugua homa akafa akiwa na miaka mitano, na bibi yake akataka azikwe pale, karibu naye. Mawe ya Tunguu huliwa na mvua, ndiyo maana yeye mwenyewe aliyanunua yale mawili bandarini, akayaleta kwa gari la ng'ombe, akaweka moja kichwani na moja miguuni.

"Nnakwenda kuyatoa sasa hivi," nikasema. Nilikuwa nimeshageuka, chungu ningekipiga teke.

Akanishika mkono wa kanzu. "Wali haujaiva. Watu wana njaa, bwana. Ngoja."

Tukangoja. Nimewahi kungoja mengi maishani, sijapata kungoja kama siku ile, nimechuchumaa mbele ya moto nauona ulimi wake ukilamba mawe yale, na watu nyuma yangu wanacheka. Mwenzangu hakuwaambia. Chakula kilipopakuliwa alikaa na sisi kwenye jamvi, akanawa, akala tonge tatu nne. Wenzetu waliusifu wali, wakasema haujapata kuiva vile. Mimi nilikuwa nikifinyanga tonge lile lile. Nilikuwa nikijiambia kwamba huyu nimeshampoteza, kwamba akirudi mjini leo hatanikalia tena upande wa pili wa ubao. Kisha nikajionea aibu, kwamba mtu amekuta kaburi la mwanawe limefanywa jiko, na mimi nawaza dhumna. Lakini ndivyo nilivyowaza. Dhumna ndiyo ilikuwa njia yangu ya kuwa naye.

Baada ya kula tukatakana radhi. Kila mtu alimshika mkono mwenziwe, akasema nililokukosea kwa kujua au kwa kutojua unisamehe. Nilipomfikia yeye alinibana vidole. "Sisi bado," akasema taratibu. "Tuna yetu." Wenzetu walipojilaza kwenye kivuli, nikachota maji nikayamwagia mawe. Yalifuka moshi kwa muda mrefu. Yalipopoa nikayapeleka kisimani, nikayasugua kwa makumbi ya nazi mpaka vidole vikachubuka. Masizi mengine yalitoka, mengine yamo hadi leo.

Yeye akabeba la kichwani, mimi nikabeba la miguuni. Alisimama kwenye shina la mdimu, akahesabu hatua zake, akalitua lake bila ya kusitasita. Langu alinielekeza: sogeza huku, kidogo, basi. Nikalishindilia udongo kwa mikono.

"Nipe radhi," nikasema. "Kwa shamba."

"Hukulichukua wewe. Ulipewa. Hilo mimi na wewe hatunalo." Akapangusa udongo mikononi. "Unadhani sikujua ulikuwa na eka? Uliniambia Tunguu nikasema labda ni upande ule, labda si hapa. Nikasema hata pawe hapa, nataka nikamuone. Miaka yote hii sikuweza kuja. Ningekuja kwa nani?"

Niliona kwamba alikuwa akikaa mbele yangu kila laasiri, ananipangia vipande, anavumilia kelele zangu, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa mahali alipotaka kwenda.

"Na kwa mawe?" nikauliza.

"Mawe si yangu," akasema. "Mtake radhi mwenyewe."

Nikachutama. Sauti yangu ilikuwa ikisikika gati nzima, winchi zikiwa zinafanya kazi, na siku ile ilinikataa. Nikageuka nikamuuliza mtoto alikuwa akiitwa nani, maana humtaki radhi mtu usiyemjua jina. Akanitajia. Kwa miaka yote tuliyocheza pamoja sikuwahi kulisikia jina lile mdomoni mwake. Nikaliita kwa sauti ya chini, kama unavyomwita mtoto usiyetaka kumshtua.

Nyuma yangu baba yake akaitika kwa niaba yake: "Naam."

Ndipo nikaweza kuomba.