Shoka Lililozimwa kwa Haraka

Kasimiri alikuwa mhunzi wa Majengo, Mpanda, na mashoka yake yalisifiwa mpaka kwa wakulima Warundi wa makazi ya wakimbizi kule Katumba. Ufundi aliupata kwa bradha mmoja kwenye karakana ya misheni. "Chuma chekundu ukikitosa ghafla kwenye maji baridi," bradha alimwambia, "chembe zake hunaswa papo hapo zilipo, hazijapata nafasi ya kujipanga. Kinakuwa kigumu, lakini ugumu wa kioo. Kirudishe kwenye moto mdogo, kitulie, ndipo umpe mtu."

Mwaka 1994, siku aliyomwoza binti yake Pelagia, Kasimiri alikuwa na shoka moja halijaisha. Mwenye shoka, Egide, alikuwa amefika kutoka Katumba, na nyumbani vigelegele vilikwisha kuanza. Kasimiri akalitosa shoka majini, likalia chwaa! Akalipiga tupa, akampa.

"Fundi, siku zote huwa unalirudisha motoni," Egide alisema.

"Hiki ni chuma kizuri. Hakihitaji."

Akafunga kibanda, akaenda kucheza ngoma.

Wiki iliyofuata Egide alirudi na mpini mtupu mkononi.

"Nisamehe, fundi. Shoka lako nimeliharibu. Nilipiga kisiki kikavu kwa hasira, likapasuka. Kipande kimemwingia mke wangu jichoni. Wamemlaza hapa mjini. Jicho halipo tena."

Kasimiri akaupokea ule mpini. Mtu aliyeumiziwa mke ndiye aliyekuwa anamwomba msamaha! Alichoweza kusema ni "pole." Egide alipoondoka, Kasimiri alijaribu kufanya kazi, akaunguza chuma. Alijaribu kula, akausogeza ugali kando. Mkewe Tereza akamuuliza kama anaumwa. Kesho yake asubuhi akaenda hospitali.

Mke wa Egide, Médiatrice, ambaye wengi walimwita Mama Providence, alikuwa amekaa kitandani, bandeji imemfunika nusu ya uso.

"Mama Providence, mimi ndiye niliyetengeneza lile shoka."

"Nakujua. Karibu."

"Sikulimaliza. Nililizima kwa maji nikaliacha vile vile. Mumeo aliniuliza, nikamdanganya."

"Ulijua linaweza kupasuka?"

Angeweza kusema alisahau. Angeweza kusema alikuwa na harusi.

"Nilijua."

Médiatrice alikunja na kukunjua pindo la shuka.

"Mume wangu halali," alisema mwishowe. "Anadhani yeye ndiye aliyenitoboa jicho. Jana kaniambia hatashika shoka tena maisha yake. Mimi usiniombe chochote leo, baba. Nenda kamwambie yeye."

Egide alikuwa nje, anamkorogea mkewe uji kwenye mafiga. Kasimiri akachuchumaa mbele yake, akamweleza yote, hata ule uongo, hata ngoma. Mwiko ukasimama katikati ya sufuria. Egide akakaa chini, akafunika uso kwa viganja, akalia kama mtu aliyetua gunia kutoka mgongoni. Uji ukaanza kuungua.

Kasimiri akanyoosha mkono. Egide aliutazama, asiushike.

"Umenirudishia usingizi wangu," alisema. "Lakini jicho la mke wangu, fundi? Ondoka kwanza."

Kasimiri akainuka, akaondoka.