Kozi ya Likizo na Shikamoo ya Mjomba

Chuo kikifunga, mtoto anarudi nyumbani. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hilo nalijua. Kwa hiyo mjukuu wangu anayesomea ualimu aliponipigia simu kwamba atabaki chuoni wiki tano za likizo, nilijua amefeli.

"Sijafeli, bibi. Ni kozi ya hiari. Lugha ya alama."

"Hiari ndiyo nini?"

"Anayetaka anasoma, asiyetaka anakwenda kwao."

"Basi wewe hutaki. Maharage yamekauka na ukungu hauondoki huku. Njoo."

Akasema anasoma kwa ajili ya mjomba wake. Nikamjibu kwamba mjomba wake nimezungumza naye miaka arobaini na mitatu bila kozi, nikakata simu.

Huyo mjomba ni mwanangu wa mwisho. Aliugua utotoni, tangu hapo hasikii wala hasemi. Tunaishi wawili. Analima, anatengeneza matuta, ng'ombe anamkamua yeye. Tuna ishara zetu za nyumbani: maji, jembe, chakula, funga mlango. Majirani wakimtaka humrushia kokoto mgongoni ageuke, nami sikuona ubaya. Kilichokuwa kikininyima raha ni kimoja: nikifa, nani atamwelewa?

Tukavuna wawili. Nilinung'unika siku zote hizo, bahati yake hasikii.

Wiki tano zilipokwisha mjukuu akaja, mabegi yana vumbi la Mombo, kule chini anakoshukia basi. Akanipa shikamoo yangu pale uani. Mwanangu alikuwa anapura maharage, ametupa mgongo. Nikaokota kokoto.

"Acha, bibi."

Akazunguka mpaka mbele yake, akangoja aweke fimbo chini. Akainama kidogo, akamwamkia kwa mikono kama alivyofundishwa.

Mwanangu akageuka nyuma kutazama anayeamkiwa ni nani. Nyuma nilikuwa mimi tu. Akaninyooshea kidole: bibi yako yule pale. Mjukuu akatikisa kichwa, akamwonyesha yeye mwenyewe, akarudia.

Nilikaa juu ya gunia. Mimi, mtoto asiyeamkia wakubwa hapiti mbele ya nyumba yangu. Nimewashika wengine mkono nikawarudisha mpaka kwa mama zao. Na mwanangu, mtu mzima mwenye mvi, hakuna aliyewahi kumpa shikamoo, eti kwa kuwa hasikii. Wala mimi sikuwahi kumwambia mtu ampe.

"Sasa marahaba ataitikiaje?" nikauliza.

Mwanangu hakungoja kufundishwa. Aliweka kiganja kichwani pa mjukuu, kama anionavyo mimi nikifanya, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akaokota fimbo yake akaendelea kupura, ila sasa kila mara anainua uso kumtazama.

Likizo iliyobaki walishinda wakifundishana, yeye ishara za nyumbani, mjukuu za chuo. Wakicheka, mimi siambulii kitu.

"Mnasema nini?"

"Tunakusengenya, bibi."

Mwaka huu mjukuu amepiga simu tena: anabaki, kuna kozi ya pili. Nikamwambia abaki. Maharage tunavuna na watoto wa jirani. Kabla hawajashika kazi wanazunguka kwanza mbele ya mwanangu, wanamwamkia mmoja mmoja kwa mikono. Anayerusha kokoto anakwenda kwao.