Siku Arobaini za Konokono

Dionis Bazilio alikuwa na sharti moja: bwawa lililofungwa kwa sababu ya kichocho halifunguliwi mpaka konokono wake wapimwe kwa siku arobaini. Alikuwa mpimaji wa maabara katika zahanati moja ya Makere, na mwaka 2013 alilivunja sharti hilo.

Kijidudu cha kichocho kikimwingia konokono hukaa ndani yake mwezi na zaidi, kikijizidisha kifuko ndani ya kifuko. Muda huo wote ukimweka konokono huyo kwenye glasi ya maji juani, hatoi kijidudu hata kimoja. Anayemwamini mapema amejidanganya.

Siku ya kumi na mbili tangu afunge bwawa la kijiji, glasi zote za konokono wake zilikuwa safi. Ndipo akaja Recho, mama mkwe wake, ambaye kwa heshima hakuwahi kumfuata kazini. Alisimama nje ya dirisha, uso ameugeuzia pembeni, wanawake sita nyuma yake.

"Mwakeye, mkwe wangu," Recho akamsalimu kwa Kiha. "Mihogo tumeshang'oa. Tusipoiloweka bwawani, kesho inaoza."

"Shikamoo, mama. Lowekeni kwenye mapipa."

"Mapipa tunayo wapi?" mmoja wa wanawake akadakia. "Au tuloweke kwenye viglasi vyake!"

Wakacheka. Recho hakucheka.

"Hao konokono umewakuta na ugonjwa?"

"Bado, mama."

"Basi unataka nikuombe mara ya pili?"

Mkwe wa Kiha hamkatalii mama mkwe mbele za watu. Dionis aliinamisha kichwa. "Lowekeni, mama."

Konokono hakuwatupa. Kila mchana aliwaweka juani, akainama juu ya glasi. Siku ya ishirini, hakuna. Ya ishirini na saba, hakuna. Akaanza kujiambia kwamba Mungu amemsitiri. Siku ya thelathini na tatu, saa sita mchana, glasi moja ilijaa vichembe vyeupe vyenye mikia iliyogawanyika mara mbili, vikipanda na kushuka: vijidudu vya kichocho.

Alitoka mbio. Recho alikuwa bwawani, maji magotini, akiopoa mihogo.

"Mama, toka! Toka majini!"

"Mkwe, mimi ndiye unayenipigia kelele?"

"Ndiyo, mama. Toka!"

Miezi miwili baadaye watu kumi na saba walipimwa wakakutwa na kichocho, Recho akiwamo. Walipewa dawa, wakapona. Lakini mwaka uliofuata Dionis alipofunga bwawa lingine, hakuna aliyemsikiliza, hata mkewe: walishajua kwamba akiombwa hufungua.