Mama, mkwe wake na pazia la gari

Jamani, leo pazia moja limetuharibia safari.

Asubuhi tulitoka mtaani kwetu Bellevue kwenda kuangalia gari la kukodi, lile lenye vitanda na jiko ndani. Mgongo unamsumbua Mama, hawezi kukaa kwenye basi hadi Cape Town. Na huko ndiko tulikomzika kaka yangu, Mama akiwa bado Bukavu. Kaburi hajaliona.

Gari lenyewe zuri! Watoto wakarukia vitanda.

Mama akachungulia. Kitanda chake hapa, chetu pale, katikati pazia tu.

"Mama Neema, mimi nilale chumba kimoja na mkwe wangu?" akaniuliza.

Eish. Wiki nzima tumepanga, na hakuna aliyelikumbuka hilo.

Mume wangu ni mlinzi wa usiku. Akasema, macho chini, "Mama, mimi nitalala nje. Nimezoea."

"Mkwe wangu alale nje kama mtu asiye na kwao? Hapana."

Tukarudi nyumbani bila kulipa.

Niambieni, wenzangu: tukodi au tuache?

Maana Mama ameshanikabidhi kitenge alichomwekea marehemu mwanawe.

"Nendeni ninyi. Mkifika, mfunikeni. Nasikia huko kuna baridi."