Mheshimiwa Alilia kwa Generoza

Generoza ni jirani yangu hapa Nyamongo, kibanda kwa kibanda, mwaka wa kumi na saba huu. Naanza na mazuri yake, watu wasije wakasema nina roho mbaya. Ndizi anajua kupika. Akiziunga na maharage na kitunguu kingi, wachimbaji wanatoka maduarani, kwenye mashimo yao ya dhahabu, na matope hadi magotini, wanapita mbele ya ugali wangu bila hata kugeuza shingo, na kwenda kukaa kwenye benchi lake. Ni msafi. Ukiishiwa chumvi anakupa na hakumbushi. Basi, mazuri yameisha.

Kasoro yake ni kulia. Alikuja huku kutoka Karagwe akimfuata mumewe, Salvatori, ambaye aliambiwa dhahabu ya Nyamongo inaokotwa kama kuni. Salvatori alichimba miaka miwili, kisha akasikia Geita kumepatikana mwamba mpya, akachukua sururu yake na hakurudi. Generoza alilia mwezi mzima na hakuna aliyemlaumu. Ila ni kama bomba lililofunguka siku ile halijapata fundi mpaka leo. Mbuzi wa watu akigongwa na bodaboda, analia. Binti yake Evelina akifaulu mtihani, analia. Mteja akitamka tu kwamba chakula kimemkumbusha marehemu mama yake, Generoza anaweka mwiko chini na kulia naye, na mteja huyo kesho anarudi na wenzake wanne.

Mimi sikulelewa hivyo. Nimezaliwa Tarime mjini, baba yangu alikuwa na duka la nguo karibu na msikiti, na kwetu mtu alikuwa akilia chumbani, mlango umefungwa. Mume wangu Swaleh, fundi cherehani, husema machozi ya Kuruthumu yanatunzwa kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Sasa nije kwa Hezekia. Huyu ambaye leo anagombea ubunge, mwenye magari matatu yenye picha yake milangoni, alifika hapa akiwa kijana wa Nyanungu mwenye kandambili za rangi mbili tofauti. Alikuwa anakula kwangu, yeye na mwenzake Faustine, kila siku baada ya kazi. Masika moja duara lao likaporomoka. Hezekia alitolewa mchana ule ule akiwa mzima. Faustine alitolewa siku ya tatu, na hakuwa mzima.

Hezekia hakwenda kwa ndugu wala hospitali. Alikuja moja kwa moja kibandani kwangu, akapita mabenchi, akapita meza, akaenda kukaa chini nyuma ya gunia la mkaa. Hapo ndipo alipolia. Nilimwona mimi peke yangu. Alilia bila sauti yoyote, mdomo wazi, akajing'ata kiganja mpaka meno yakaacha alama, na kamasi zikashuka hadi kidevuni asizifute. Nilimfunika kanga yangu. Siku tisa nilimpikia uji wa ulezi na kumlisha kwa kijiko, maana mikono ilikuwa inatetemeka hata kikombe hakishikiki. Waliouliza niliwaambia ni mpwa wa Swaleh, ana homa. Siku ya kumi akaamka, akanioshea sufuria zote, akaondoka kwenda Mwanza. Tangu hapo sura yake nimeiona kwenye mabango tu.

Sikumdai kitu na sikusimulia. Lakini kampeni zilipoanza na jina lake likawa kila mahali, nilianza kutaka jambo moja, na nalitaja wazi kwa sababu ndilo lililoniletea yote haya. Nilitaka alitaje jina langu mbele za watu. Nimepika kwenye moshi huu tangu Shamimu wangu akiwa mgongoni, na hakuna siku mtu amesimama akasema Kuruthumu alifanya jambo.

Wiki moja kabla ya msafara kufika alitangulia kijana mmoja anaitwa Imrani, mwenye simu mbili na fulana ya mgombea. Alinipa shikamoo ya heshima kabisa. Akasema mheshimiwa atapita Nyamongo Alhamisi, angependa kuwasalimia akina mama wa vyakula, na kwamba amewahi kusaidiwa na mmoja wao zamani, je, nina habari zozote? Nilimwambia yote. Nilimtajia ulezi, kijiko, siku tisa, gunia la mkaa. Aliuliza hata kanga ilikuwa ya namna gani, nikasema nyekundu yenye mikorosho, naye akaandika kwenye simu. Alikula sahani mbili, akanishukuru, akaenda kwa Generoza kunywa chai.

Siku zilizofuata sikuwa na akili nzuri. Nilikipaka kibanda rangi ya kijani. Swaleh alinishonea vitambaa vipya vya meza huku akiniuliza kama ni mgombea anayekuja au ni posa. Jumatano nikaenda Tarime kununua doti mpya ya kanga, na nikashinda huko hadi jioni kwa sababu kila mtu niliyemjua nilimsimamisha nimweleze. Sokoni hapakubaki muuza dagaa ambaye hakuambiwa.

Alhamisi wakafika, muziki mbele, vumbi nyuma. Hezekia akashuka. Amenenepa, lakini ni yeye. Alipunga mikono pande zote, akaja kwa miguu kuelekea kwangu, na macho yetu yakakutana. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akayaondoa macho yake haraka, akapita, akahesabu hatua kama kumi, akapiga magoti mbele ya Generoza.

Generoza alikuwa amejitanda kanga nyekundu yenye mikorosho, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Hezekia alishika kipaza sauti na kuuambia umati kwamba mama huyu alimlisha uji wa ulezi kwa kijiko, siku tisa, alipotoka kaburini akiwa hai. Maneno yangu mwenyewe, yamepangwa vizuri kuliko nilivyoyapanga mimi. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, kidevu juu, akatoa leso nyeupe mfukoni na kujipangusa jicho moja, halafu la pili. Watu wakalia. Generoza hakuhitaji kusaidiwa, yeye alikuwa ameshaanza tangu gari halijasimama.

Mpiga picha akainua mkono. Bodaboda mmoja alikuwa amepiga honi katikati ya kilio na kuharibu sauti. Imrani akamnong'oneza mheshimiwa, naye akainuka, akajipangusa magoti, akarudi mpaka kwenye gari, akaja upya. Alipiga magoti upya na kulia upya, na leso ikatoka kwenye neno lile lile. Cha ajabu watu nao walilia tena, wale wale waliomwona akirudi garini.

Mimi nilisimama na mwiko wangu mbele ya kibanda cha kijani. Waisiko, muuza dagaa, alinigeukia na kuniuliza kwa upole kama si mimi niliyesema ni mimi. Nilikuwa naona wivu, na sitaki kuupa jina la heshima. Kilikuwa kitu kinachochoma kuanzia kooni hadi tumboni, na kilichonichoma zaidi si uongo wa Hezekia. Nilichokitaka ni ule uongo wenyewe, nidanganyiwe mimi, pale mbele za watu.

Video ile ilifika kila simu. Walikuja watu kutoka Mugumu, wakaja wengine kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari wakiongea Kiswahili chao cha haraka, kupiga picha kwenye benchi la Generoza na kula ndizi za mama wa mheshimiwa. Jina lake sasa ni Mama Mbunge, na kura bado hazijapigwa. Ugali wangu ulipoa hadi nikawa nawagawia mbwa. Na mimi sikukaa kimya. Nilimnyima moto asubuhi moja alipokuja na kipande cha mkaa. Niliwaambia wateja wawili kwamba maharage yake yana mawe, jambo ambalo si kweli. Swaleh alisema kosa lilikuwa rangi, nani atalia machozi ya umaskini kwenye kibanda kinachofanana na duka la dawa? Alikuwa anatania, lakini niliamini. Niliichukia ile kijani, nikawa natoka kwa mlango wa nyuma nisiione.

Wiki iliyofuata mkutano ulikuwa Nyarero. Nilimlipa bodaboda, nikawahi, nikakaa mstari wa mbele kabisa, pale wanapokaa wazee. Nia yangu ilikuwa moja. Akifika kwenye uji wa ulezi nitasimama na kusema mbele ya Nyarero nzima kwamba aliyempikia ni mimi, na nitasema hata ile alama ya meno iko kiganja gani. Generoza alikuwa jukwaani kwenye kiti cha plastiki, ametanda ile kanga. Yeye aliletwa na gari.

Hezekia alianza vizuri. Alisema, "Ndugu zangu, kuna mama mmoja," na leso ilikuwa imeshafika mkononi. Halafu akaniona. Akanywa maji, akakohoa, akarudisha leso mfukoni na kuanza kuzungumzia barabara na majosho ya ng'ombe. Imrani pembeni alikuwa anamnyooshea kidole kwenye karatasi, lakini mheshimiwa hakumtazama. Alimaliza majosho, akaomba kura, akaondoka. Hadithi ambayo haikusimuliwa siwezi kuipinga, kwa hiyo nilikaa pale na maneno yangu yote, na yule bodaboda akanipandishia nauli ya kurudi.

Njia nzima nilijiona nimedharauliwa mara mbili. Kumbe mtu anaweza kunichukia kiasi kwamba heri aiache hadithi yake nzuri kuliko kuisema mbele yangu. Nilimkosea nini Hezekia? Nilikumbuka zile siku tisa moja moja, nikitafuta neno baya nililomwambia, na sikulipata.

Asubuhi ya pili nilikuwa namenya viazi, Generoza akaja. Hakubeba kipande cha mkaa wala kikombe cha kuombea chumvi. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa na jambo zito na macho makavu. Alisema anajua habari za mawe kwenye maharage, wateja walimwambia, na hakujia hilo. Alikuwa amekuja kwa ajili ya Jumatano.

Jumatano ile nilipokuwa Tarime kununua kanga, Hezekia alipita kimya kimya, yeye na dereva tu, kuangalia mahali atakaposimama. Aliketi kwenye benchi la Generoza akaomba chai. Imrani alikuwa ameshamletea kanga na kumweleza la kufanya, na Generoza alikuwa hajalala vizuri.

"Nilimwambia, waitu, ndugu yangu," Generoza alisema. "Nilimwambia, baba, aliyekulisha si mimi. Ni Mama Shamimu, pale kwenye kijani. Akasema, najua."

"Alisema anajua?"

"Akasema, yule ameshawahi kuniona nikilia. Atajua."

Niliweka kisu chini. Nikaona mambo yote yakikaa mahali pake, yale macho aliyoyaondoa haraka, maji aliyokunywa Nyarero, leso iliyorudi mfukoni. Rangi haikuwa na kosa. Anaweza kulia mbele ya jimbo zima, mara mbili kwa siku, na kamera ikimwomba ya tatu atalia. Mtu mmoja tu ndiye anayemshinda, na ni mimi niliyeyaona machozi yake ya kweli.

Generoza alikuwa ananitazama, anangoja. Nafikiri alitaka nimsamehe, na kwa kitambo kidogo nilikuwa karibu kumsamehe. Kifua kilikuwa chepesi. Nikamuuliza aliyasema vipi maneno hayo.

"Polepole," alisema. "Alikuwa ameinama, anaangalia chai."

"Alilia?"

"Hapana. Alikaa tu. Alikaa muda mrefu, chai ikapoa."

Hapo ukarudi ule wivu, tena kwa nguvu kuliko siku ya Alhamisi. Nilimwona Hezekia pale, hana kipaza sauti, hana Imrani, hana leso, yule yule wa nyuma ya gunia la mkaa. Kampeni nzima ametoa neno moja tu la kweli, lilikuwa langu, na alimwambia Generoza.